Umri wa Kunywa Pombe Handeni na Korogwe: Historia ya Mpaka Uliohama Kabla ya Sheria

Mjadala wa umri halali wa kunywa pombe, kama unavyosomwa vyuoni, kwa kiasi kikubwa ni mjadala wa Marekani. Huko, Marekebisho ya 26 ya Katiba ya mwaka 1971 yaliwapa vijana wa miaka 18 haki ya kupiga kura. Miaka 13 baadaye, sheria ya shirikisho ya Julai 1984 iliyatishia majimbo kukatwa sehemu ya fedha za barabara kuu endapo yasingepandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21. Tangu hapo wanaotaka umri ushushwe wamekuwa na hoja moja ya msingi: mtu anayeweza kupiga kura, kufunga ndoa, kushtakiwa kama mtu mzima na kufia vitani hawezi kuwa mtoto mbele ya kaunta ya baa.

Hoja hiyo ikihamishiwa Handeni au Korogwe, haina pa kushika. Nchini Tanzania mtu wa miaka 18 ni mtu mzima kisheria. Anapiga kura na anauziwa bia. Anachokidai kijana wa Marekani, kijana wa Manundu anacho tayari. Kushusha umri Tanzania maana yake ni kushuka chini ya utu uzima wenyewe, hadi miaka 16 au 15, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Isitoshe, upepo wa Afrika Mashariki unavuma upande wa pili. Mwaka 2019 Ethiopia ilipandisha umri hadi miaka 21, na Julai 2025 serikali ya Kenya ilizindua sera ya taifa iliyopendekeza umri huohuo badala ya 18.

Hata hivyo, swali la kushusha umri lina historia ndefu katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga, ingawa historia hiyo haimo katika kumbukumbu za Bunge. Hoja ya makala haya ni kwamba umri wa kunywa Handeni na Korogwe ulikwisha kushuka zamani, kabla ya sheria yoyote kuutaja kwa hesabu ya miaka. Ulishushwa na ujira wa mashamba ya mkonge. Sheria zilizofuata zimekuwa zikiukimbilia mpaka uliokwisha kuhama, na anayetaka kuujadili leo hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeuhamisha na ni nani aliyefaidika.

Siku ya chungu

Handeni kwa sehemu kubwa ni nchi ya Wazigua, tambarare yenye mvua za kubahatisha. Korogwe iko kando ya Mto Pangani, kati ya tambarare hiyo na milima ya Usambara, na ina Wasambaa, Wazigua, Wabondei na wazao wa watu waliokuja kukata mkonge kutoka pembe zote za nchi na nje yake. Katika jamii hizi mpaka wa umri wa kunywa ulikuwepo kabla ya ukoloni, lakini haukuhesabiwa kwa miaka. Kwanza kabisa ulikuwa ndani ya chungu. Uji wa mtama au mahindi uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke kidogo ni togwa, kinywaji cha watoto, wagonjwa na wasafiri. Uji huohuo ukiachwa siku zaidi ukaumuka ni pombe. Mwanamke mmoja, kwa nafaka ya ghala moja na pengine kwa chungu kilekile, aliwanywesha wajukuu siku ya kwanza na babu zao siku za baadaye. Mtoto hakuzuiwa kukikaribia chungu. Kilichomtenga na mzee ni siku.

Pombe iliyoiva ilikuwa na kazi zake. Ilimwagwa katika tambiko, ilipelekwa kwa wakwe, ilinywewa matangani, na iliwangoja waliokuja kulima kwa msaragambo. Milimani na kwenye mabonde yenye miwa ilipikwa boha, na kwenye misitu ya Handeni palikuwa na asali. Katika shughuli hizi zote mgao ulikuwa na utaratibu wa nani aanze, nani afuate na nani angoje pembeni. Kijana aliyetoka jandoni alikuwa mwanamume, lakini uanaume wake haukumpa kibuyu mkononi. Alihitaji shamba, ghala na mke wa kumpikia. Kijana hakunywa kwa kuwa hakuwa na cha kupikisha, wala hapakuwa na haja ya kumkataza kwa kutaja namba.

Jambo hili linaeleweka vizuri zaidi likiwekwa karibu na njaa, ambazo Handeni imezijua kuliko wilaya nyingi. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu historia ya mazingira ya kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ameonyesha jinsi wakuu wa Uzigua wa karne ya 19 walivyojenga himaya zao kwa kuwalinda na kuwalisha wafuasi. Katika nchi ambayo mavuno hayana uhakika, mtama unaoweza kuchachishwa badala ya kuliwa ni alama ya shibe na ya mamlaka. Mwenye pombe ni mwenye ziada. Kumnyima kijana pombe na kumnyima kijana ziada vilikuwa kitu kimoja.

Majirani wa Wazigua, wafugaji wa Kiparakuyo na Wamaasai wengine wanaoishi Handeni na Kilindi, walikuwa na mpaka ulio wazi zaidi. Kwao umri si miaka ya mtu mmoja. Ni daraja la rika zima. Morani hakutakiwa kunywa, na pombe ya asali ilikuwa kinywaji cha wazee. Rika lilipovuka daraja kwa sherehe, waliovuka walivuka pamoja, aliyezaliwa mapema na aliyezaliwa baadaye. Ukitafuta katika eneo hili kitu kinachofanana na umri halali wa kunywa kwa maana ya kanuni ya wazi, inayojulikana na wote na yenye adhabu, ni hiki. Nacho kilikuwa na sababu ya kisiasa isiyofichwa: vijana ndio waliokuwa na nguvu za kupigana, na wazee ndio waliokuwa na ng'ombe, wake na pombe.

Hapa tahadhari inahitajika. Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, amewaonya wasomaji wasiipokee kama ushahidi mtupu kauli ya wazee kwamba zamani vijana hawakunywa. Kauli hiyo husemwa na kila kizazi cha wazee juu ya kizazi cha vijana. Ni dai la mamlaka linalozungumzwa kwa lugha ya historia. Haimaanishi kwamba ni uongo. Inamaanisha kwamba inaeleza vema zaidi kile ambacho wazee walitaka kiwe kuliko kile ambacho kila kijana alikifanya nyuma ya ghala. Msomi anayeegemeza hoja ya umri wa miaka 21 juu ya mila zetu anaegemea ukuta ambao wenyewe uliwahi kuwa hoja ya upande mmoja.

Kisha kuna Uislamu, ulioingia Uzigua kwa njia za biashara kutoka Saadani na Pangani na kuwa dini ya walio wengi Handeni. Uharamu wa pombe hauna umri. Mafundisho hayo hayakumwambia kijana angoje. Yalimwambia asinywe kabisa, na yalimwambia babu yake vivyo hivyo. Tangu hapo pombe Handeni imeishi kati ya sauti mbili zisizokubaliana hata juu ya swali lenyewe. Mila iliuliza ni nani anywe na lini. Dini iliuliza ni kwa nini mtu anywe. Sheria ya serikali, ilipokuja, ilidandia swali la kwanza bila kujua kwamba limekwisha kuulizwa.

Mtu mzima wa kodi, mtoto wa chupa

Sheria za kwanza zilizoandikwa juu ya nani anywe nini katika nchi hii hazikuuliza umri, ziliuliza rangi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vizuizi juu ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa Septemba 1919 ukaviendeleza. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika chini ya Shirika la Mataifa, masharti ya udhamini yaliitaka isimamie vikali uuzaji wa vileo vikali. Matokeo yake ni kwamba mzee wa Kisambaa mwenye wajukuu hakuruhusiwa kununua chupa ya wiski ambayo karani wa Kizungu, kijana asiye na ndevu, aliinunua bila kuulizwa. Mbele ya chupa, Mwafrika wa umri wowote alikuwa mtoto. Vizuizi hivyo vililegezwa hatua kwa hatua baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bia ya chupa ikitangulia na pombe kali ikifuata.

Dola hilohilo lilikuwa na kipimo kingine cha utu uzima, nacho ni kodi. Kijana aliyeonekana amekomaa aliandikishwa na jumbe na kudaiwa kodi ya kichwa. Umri wake ulikadiriwa kwa macho, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Akawa mtu mzima wa kodi na mtoto wa chupa kwa wakati mmoja. Anayesikitikia leo mgongano wa umri mbalimbali katika sheria za Tanzania atambue kwamba mgongano huo ni urithi wa zamani, na haukuwa wa bahati mbaya.

Pombe za kienyeji ziliachwa mikononi mwa mamlaka za wenyeji. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotungwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu na majumbe uwezo wa kuzuia au kuratibu upikaji wa pombe. Katika wilaya yenye njaa za mara kwa mara uwezo huo ulikuwa mkubwa, kwani kila debe la mtama lililolowekwa kuwa kimea lingeweza kuhesabiwa kama debe lililotolewa kinywani mwa mtoto. Kwa upande mwingine vibali vya kupika viliiingizia hazina ya mamlaka fedha, na mtawala anayekusanya ada ya pombe hana haraka ya kuhesabu umri wa wanywaji. Mvutano huu kati ya afya na mapato haujaisha. Umebadilisha majina ya ofisi tu.

Manamba

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miche 62 iliyosalimika ilipandwa karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1902 reli ilifika Korogwe. Katika miongo iliyofuata bonde la Pangani lilijaa mashamba: Hale, Mnyuzi, Ngombezi, Magunga, Magoma na mengineyo. Kufikia uhuru Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mkonge duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kilele cha takribani tani 230,000.

Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu na wenyeji waliikwepa walipoweza. Walipendelea kulima na kuyauzia mashamba chakula. Wakata mkonge waliletwa kutoka mbali. Baada ya mwaka 1944 shirika la wenye mashamba, SILABU, liliwaandikisha kwa maelfu kutoka magharibi na kusini mwa nchi, pamoja na watu wa Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa namba walizopewa. Wengi walikuwa wanaume vijana, wengi waliishi kambini bila wake, na walilipwa baada ya kukamilisha kipande cha siku 30.

Hapa ndipo umri wa kunywa uliposhuka. Kijana wa miaka 17 ambaye kwao, Ubena au Buha, angekaa pembeni mwa duara la wazee akingoja kuitwa, alijikuta Ngombezi akiwa na mambo mawili ambayo kwao hakuwa nayo: fedha yake mwenyewe, na umbali wa maili mia kadhaa kutoka kwa mzee yeyote mwenye haki ya kumkemea. Pombe nayo ilibadilika. Haikuwa tena malipo ya msaragambo wala sehemu ya mahari. Ilikuwa bidhaa yenye bei kwa kipimo. Utaratibu wa nani aanze ukageuka kuwa utaratibu wa nani amelipa. Hakuna bunge lililoketi, hakuna tangazo lililobandikwa, lakini katika maisha ya kizazi kimoja mpaka ambao mila iliuweka kwenye ndoa na ghala ulihamia kwenye siku ya mshahara.

Wenye mashamba walilalamika, na malalamiko yao yamewaachia wanahistoria picha ya Mwafrika mlevi na mtoro wa kazi ambayo lazima isomwe kwa jicho la shaka. Walioandika walipima ulevi kwa siku za kazi zilizopotea, si kwa madhara kwa mnywaji. Nao hawakuiondoa pombe kambini, kwa sababu kambi isiyo na pombe ni kambi inayokimbiwa. Mashamba yalihitaji walevi wa Jumamosi waliokuwa watu wazima wa Jumatatu. Kwa mfumo wa namna hiyo, kijana mwenye fedha mfukoni alikuwa mteja kabla ya kuwa mtoto wa mtu.

Waliopika walikuwa wanawake, wakiwemo waliotoka vijiji vya jirani na waliofuata waume zao wakabaki peke yao. Kwao chungu kilikuwa njia ya kupata fedha isiyopitia mkononi mwa mume wala mwenye shamba. Historia ya pombe ya eneo hili ikiandikwa bila wao inageuka hadithi ya wanaume walevi na maofisa wenye hasira. Wakiingizwa, inaonekana jambo gumu zaidi: kushuka kwa umri wa kunywa kulimnyang'anya mzee mamlaka, kulimpa mwanamke kipato, na vyote viwili vililipiwa na mwili wa kijana. Hakuna kipimo cha haki kinachoweza kuusifu mfumo wa kale wa wazee bila kumkumbuka mwanamke aliyewapikia bila malipo. Wala hakuna kinachoweza kulisifu soko bila kumkumbuka manamba aliyerudi kwao mikono mitupu, au asiyerudi kabisa.

Ujamaa na kilabu

Serikali ya uhuru ilirithi vilabu, vibali na lawama. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ililenga pombe ya kukeneka, ile ambayo mitaani ni gongo. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliitaja pombe miongoni mwa mambo yanayomeza nguvu za wanaume wa vijijini, nguvu ambazo taifa lilizihitaji mashambani. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Vileo ya 1968, iliyoweka mfumo wa leseni na mamlaka za kuzitoa wilayani. Mkazo katika zama hizo ulikuwa juu ya saa za kuuza na mahali pa kuuzia. Kijana hakuwa suala la pekee. Suala lilikuwa jembe lililolala asubuhi. Katika hilo Ujamaa, pamoja na tofauti zake zote na ukoloni, uliitazama pombe kwa jicho linalofahamika: hesabu ya siku za kazi.

Mkonge wenyewe ulianguka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, bei ikaporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na kufikia miaka ya 1980 mengi yalikuwa vichaka. Kambi zilibaki, na watu walibaki nazo. Kilabu kilichokuwa kikingoja siku ya mshahara wa Magoma au Hale kilijikuta kikiwangojea vibarua wa siku, wauza mkaa, makondakta wa Segera na, katika karne hii, waendesha bodaboda. Wateja walizidi kuwa vijana kwa kuwa mkoa wenyewe ulizidi kuwa wa vijana.

Ngazi zisizolingana

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoweka jambo hili katika lugha ya leo. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kumuuzia kileo ni kosa. Ni sheria njema katika nia yake, lakini imekaa juu ya ngazi zisizolingana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu, katika kesi ya Rebeca Gyumi ya mwaka 2016, iliona vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kwa hiyo kwa muda mrefu palikuwa na msichana ambaye sheria moja ilimwona anatosha kuwa mke na mama, mwenye wajibu wa kupika pombe ya nyumba, na sheria nyingine ikamwona ni mtoto asiyeweza kuuziwa kikombe cha pombe aliyoipika.

Mgongano huu ndio silaha ya wanaotaka umri ushushwe. Kijana wa miaka 16 wa Mkata anayejilisha kwa kibarua na kumsomesha mdogo wake, wanasema, amebeba mizigo ya mtu mzima. Kumwita mtoto jioni baada ya kumfanyisha kazi ya mtu mzima mchana ni unafiki. Hoja ina uzito, na inasikika kwa mbali kama hoja ya manamba. Lakini inathibitisha jambo tofauti na lile inalokusudia. Mizigo hiyo aliyoibeba kabla ya wakati ndiyo dhuluma yenyewe. Kumwongezea pombe kama fidia ni kurudia hesabu ya kambi ya mkonge, ambapo fedha mfukoni ilitosha kumgeuza kijana kuwa mteja. Kesi ya Gyumi iliziba pengo kwa kuinua umri wa ndoa kuelekea utu uzima. Kuliziba kwa kuushusha umri wa pombe kuelekea ndoa ya utotoni ni kusafiri kinyumenyume.

Hoja nyingine ni kwamba sheria isiyofuatwa ni bora ibadilishwe. Ni kweli kwamba mwenye kilabu haulizi kitambulisho, na hata angeuliza, watoto wengi wa vijijini wamekua bila cheti cha kuzaliwa, kama babu zao waliokadiriwa kwa macho na jumbe. Ila ushahidi wa nchi nyingine unaonyesha kwamba hata namba inayovunjwa kila siku ina kazi. New Zealand iliposhusha umri wa kununua pombe kutoka miaka 20 hadi 18 mwaka 1999, watafiti waliona ajali za barabarani zikiwagusa zaidi si wa miaka 18 na 19 peke yao, bali hata wa miaka 15 hadi 17, waliopata pombe kwa marafiki wakubwa kidogo. Mpaka hauwagusi walio juu yake tu. Unawavuta walio chini. Kwa barabara ya Chalinze hadi Segera, na kwa njia za vumbi za Handeni ambako pikipiki hubeba abiria watatu, hilo si jambo la vitabuni.

Wanaotaka umri upandishwe hadi 21 nao wana la kujibu. Kanuni mpya juu ya mauzo humwangukia muuzaji, na muuzaji wa pombe ya kienyeji Handeni na Korogwe kwa kawaida ni mwanamke mwenye chungu kimoja, asiye na wakili wala akiba ya kulipia faini. Wenye baa za barabarani watajipanga. Yeye ataongezewa sababu nyingine ya kumwogopa mgambo.

Somo la viroba

Hatua iliyogusa pombe ya vijana kwa nguvu zaidi katika miaka ya karibuni haikutaja umri. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 mwaka huo pombe kali ya vifuko vya plastiki, viroba, ingepigwa marufuku. Kanuni zilitolewa chini ya sheria ya mazingira, wizara ikiwa chini ya January Makamba, mbunge wa Bumbuli katika milima inayoitazama Korogwe. Kisheria kosa lilikuwa la kifuko. Kilichobadilika kwa kijana ni bei na ukubwa wa kipimo: pombe kali haikupatikana tena kwa chenji ya nauli, wala haikufichika tena katika mfuko wa sare ya shule.

Historia ya wilaya hizi inaifanya hatua hiyo ieleweke. Mila ilimzuia kijana kwa ghala. Mkonge ulimfungulia kwa mshahara. Viroba vilimfungulia zaidi kwa kipimo kidogo, na marufuku ikalifunga dirisha hilo moja. Kila mara mpaka ulipohama, ulihamishwa na kile ambacho kijana angeweza kukilipia. Umri ulioandikwa katika sheria ulikuwa na nafasi yake, kama tamko la nani anastahili kulindwa, na kwa sababu hiyo haupaswi kushushwa. Lakini haujawahi kuwa mkono unaousukuma mpaka.

Pengo lililobaki ni lile ambalo Sheria ya Mtoto hailifikii. Inamtazamia mtoto akija kununua. Katika nyumba ya mpishi wa pombe mtoto hanunui: anachota maji, anaokota kuni, anageuza kimea juani, anawapimia wateja mama akiwa shambani, na anaonja machicha tangu kabla ya kuanza shule. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya wilaya, na kijiji chenyewe, uwezo wa kutunga sheria ndogo juu ya vilabu. Sheria ndogo inayotenganisha nyumba ya kulala na mahali pa kuuzia, na inayompa mpishi muda na nafuu ya ada ili aweze kuhama, inaweza kujadiliwa na mkutano wa kijiji cha Handeni bila kungoja Dodoma iamue kati ya 16, 18 na 21. Wanaopika na waliolelewa kando ya chungu wanaweza kukaa katika mkutano huo, na nafasi hiyo hawakuwahi kupewa mwaka 1926 wala mwaka 1968.